Tanzia ya Hamoud

Mimi si mtu wa hadithi za majini. Nafundisha hesabu hapa Ibra, na wanafunzi wangu wanajua kwamba asiyeonyesha njia hapati alama. Kwa hiyo haya yaliyompata binamu yangu Maen nayaeleza kama nilivyoyaona na kuyasikia. Mwenye maelezo bora aje, kahawa ipo.

Maen alikuwa na wazimu wa shajara ya ukoo, ule mti wa nasaba. Wenziwe hukusanya saa na magari, yeye alikusanya wafu. Aliandikia watu Tabora na Bujumbura wamtafutie vyeti vya vifo, alinakili matangazo ya magazeti ya zamani, na kila tanzia iliyopita kwenye simu aliihifadhi, apate jina la marehemu, la baba, la babu, na siku ya kufa. Tulikuwa tukimtania kwa kumwita karani wa makaburi. Jina moja tu lilimshinda. Ni la Hamoud, kaka yake Bibi Fawziya, bibi yetu aliyetulea sote wawili.

Habari ya Hamoud ilijulikana, ila haikuandikwa. Mwaka 1971 familia ilirudi kutoka Tabora kwenye nchi hii ya mababu, ikakaa Al Qabil, mji wa jirani. Adhuhuri moja Hamoud, kijana wa miaka ishirini, alikwenda kuoga kwenye falaj, ule mfereji wa mashambani, wakamkuta kifudifudi majini. Wakamzika. Lakini mama yake alikataa kupokea azaa, zile pole za msiba. Alisema waliyemzika si mwanawe, mwanawe kachukuliwa. Wenyeji humwita mtu wa namna hiyo mughayyab, sisi wa Tabora tunasema msukule. Na kanuni ni hiyo hiyo: maadamu watu wake hawajapokea azaa, aliyechukuliwa bado ana njia ya kurudi. Mama alikufa akisubiri, akamrithisha Bibi kusubiri huko.

Alhamisi moja Maen alipita kwa Bibi kuchukua ufunguo wa nyumba ya zamani ya Al Qabil. Kulikuwa na daftari la vifo vya ukoo kwenye sanduku huko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Daftari lisome upendavyo. Jina la kaka yangu usiliguse."

"Inshallah, Bibi."

Inshallah ya Maen naijua. Ni sawa na ya fundi bomba.

Saa saba mchana simu yangu ikalia. Tanzia, kwenye kundi la ukoo mzima. *Amefariki Hamoud bin Saif, mwaka 1971. Azaa ya wanawake nyumbani kwa dada yake, Ibra, baada ya swala ya alasiri.* Nilimpigia Maen huko Al Qabil nikamfokea mpaka koo likauma.

Akacheka. "Badriya, watu wetu ukiwauliza habari za ukoo wanakuwa mabubu. Waletee tanzia uone, kila mmoja atakumbuka siku na saa. Nimenakili tu ile ya mjomba Yazeed, nikabadili jina na mwaka."

"Na mahali pa azaa ulibadili?"

Hakubadili, na dada wa Hamoud ni Bibi. Akasema ataifuta sasa hivi, akaifuta kweli, lakini watu mia mbili walikwisha kuisoma. Na watu wa Ibra kwenye azaa hawaulizi mara mbili.

"Natoka, nakuja kumwomba Bibi radhi," akasema. Nikasikia akisukuma kitu. Akasukuma tena. "Mlango umekwama."

Nilimwambia aache mchezo. Nikampigia Wadhah, jamaa yetu mwenye shamba la mitende pale karibu, akamtoe. Mimi nikakimbilia kwa Bibi nizuie wageni mlangoni. Nilichelewa. Bi Shaikha, ambaye hajawahi kuchelewa msibani maisha yake yote, alikuwa ameshafika kabla hata ya adhana, amemkumbatia Bibi.

"Aadhama Llahu ajrakum, dada yangu. Mungu akupe subira."

"Subira ya nini?" Bibi aliuliza. "Nani kafa?"

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Maen alikuwa ananong'ona.

"Badriya, dirisha limeziba."

"Limezibwa na nani?"

"Sijui. Lilikuwa wazi. Sasa ni ukuta."

Kisha Wadhah akanipigia. Alikuwa amesimama ndani ya nyumba, katikati ya chumba chenye sanduku. Mlango ulifunguka kwa kidole, alisema. Sanduku liko wazi, daftari liko sakafuni. Hakuna mtu.

Nikamrudia Maen. "Wadhah yumo humo chumbani. Mwite."

Alimwita. Aliita mpaka sauti ikapasuka. Wadhah hakusikia kitu, na Maen hakumwona Wadhah.

Wakaingia wanawake watatu kwa pamoja. Wa kwanza akampa Bibi mkono, akatoa azaa. Simuni Maen akaguna kama aliyepigwa tumboni. Wa pili akatoa azaa. Maen akaguna tena. Wa tatu.

"Chumba kinapungua," akasema. "Magoti yangu yamegusa ukuta."

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilihesabu. Kila mkono uliompa Bibi pole ulikuwa unamfungia Hamoud mlango, na Maen alikuwa upande mmoja naye wa mlango huo. Niliogopa mno. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, na nimezaa watoto wawili.

"Badriya."

"Nipo."

"Siko peke yangu."

Nikapiga magoti mbele ya Bibi nikamweleza yote sikioni. Alisikiliza akinitazama. Aliniambia baadaye kwamba kwa dakika moja alitamani kuipokea ile azaa. Alikuwa amechoka. Miaka hamsini na zaidi ya kusubiri ni kazi, na hapa watu wamemletea ruhusa ya kulia na kupumzika. Lakini pembeni yake simu ilikuwa ikipumua. Pumzi fupi. Kisha fupi zaidi.

Bibi akasimama.

"Chukueni azaa yenu," akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Kaka yangu hajafa. Nyumba hii haina msiba."

Bi Shaikha aliona ametukanwa. Wote walitoka wakinung'unika, kahawa haijanywewa. Simuni nikasikia mlango ukigonga ukuta, miguu ikikimbia kwenye changarawe, gari likiwashwa. Nilikaa sakafuni nikalia.

Maen alifika jua likiwa bado juu. Nilimsikia kabla sijamwona, maana gari lilikuwa linalia ile kengele ya mkanda wa usalama usiofungwa. Kwenye kioo mbele ya usukani iliwaka taa ya kiti cha abiria. Kiti kilikuwa kitupu.

"Inalia tangu Al Qabil," akasema Maen. Mikono ilikuwa bado imeshika usukani. "Nimesimama mara mbili. Nimefungua mlango ule mara mbili. Kilichokaa hapo hakishuki."

Bibi alitoka amejitanda leso. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa abiria, akaufungua, akainama. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka.

"Karibu, kaka," akasema. "Karibu nyumbani."

Kengele ikanyamaza. Bibi akageuka, mkono mmoja ameunyoosha nyuma, akatembea taratibu kuelekea ndani. Kizingitini alisubiri kidogo. Kisha akaingia, akafunga.

Nilianza kumfuata. Maen akanishika mkono. Viganja vyake vilikuwa vya baridi.

"Badriya," akanong'ona. "Kule chumbani, yule aliyekuwa na mimi aliniuliza nani anamsubiri."

"Ukamwambia?"

"Nilitaka kutoka. Nikamwambia ni Fawziya. Hakulijua hilo jina. Aliniuliza Fawziya ni nani, na mimi nikamfundisha yote. Jina la mama yao, la baba yao, alivyoitwa yeye mwenyewe. Akawa anayarudia nyuma yangu, moja moja, mpaka akayashika."

Tulisukuma mlango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kupitia dirishani tulimsikia Bibi akiongea Kinyamwezi, ambacho katika ukoo wetu amebaki nacho peke yake. Alikuwa akitaja majina. Na kila alipotaja moja, sauti nyingine ililirudia nyuma yake, polepole.

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile. Bibi yu mzima, ananenepa, hataki mgeni chumbani kwake. Maen ameacha shajara. Gari ameliuza kwa bei ya kutupa, na aliyelinunua amelirudisha mara mbili. Anasema kiti cha mbele hakikauki.