Ada Ni Yako, Tumbo Ni Langu

"Jina lako halimo, mdogo wangu."

"Hebu angalia tena, dada. Barua ya kukubaliwa ninayo, na ada imeshalipwa."

Karani wa chuo cha ukunga akaitazama kompyuta yake, kisha akamtazama binti aliyesimama dirishani na begi kubwa miguuni. Akapunguza sauti, lakini haikusaidia kitu. Foleni ilikuwa na masikio.

"Nafasi yako iliahirishwa wiki iliyopita. Mlezi wako alikuja mwenyewe. Alisema una mimba changa, inakusumbua, huwezi kuanza mwaka huu. Ada akaomba arudishiwe, akarudishiwa."

"Mimba? Mimba ya nani?"

Nyuma yake mtu akacheka puani.

"Na nyinyi mkakubali? Hata kunipigia simu?"

"Yeye ndiye aliyelipa," karani akajitetea. "Tukadhani..."

"Mkadhani anayelipa ndiye mwenye mtu! Yukoje huyo mlezi?"

"Kijana mrefu, mpole. Alikuja na gari limeandikwa ubavuni mabati na saruji."

Binti akashika ukingo wa dirisha. Huyo hakuwa mlezi. Huyo alikuwa mchumba wake.

Nyumbani walimwita Pilipili, maana alizaliwa mdogo na mkali. Baba yake alikuwa seremala, mama yake mfuaji wa mashuka ya hospitali, na ni kule kwenye mashuka ya wodi ya wazazi ndiko binti alikopata hamu ya ukunga. Mchumba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mtaa mzima ukimwita Bosi Saruji. Na alimpenda, tusidanganyane. Jioni Bosi akishafunga duka, alikuja karakana ya seremala, akakaa juu ya mbao, akamshikia kitabu cha biolojia huku binti akitaja mifupa ya mwili mmoja mmoja. Akikosea, Bosi alicheka na kumwambia arudie. Mwanaume wa namna hiyo unamwachaje?

Pilipili akatoka nje, akapiga simu.

"Mpenzi! Umefika salama?"

"Nimefika. Nimeambiwa nina mimba."

Upande wa pili Bosi akakohoa.

"Nilitaka kukueleza..."

"Ulitaka kunieleza lini? Nikishajifungua?"

"Sikiliza, mama. Miaka mitatu ni mingi. Nyumba imekwisha, watu wananiuliza mke yuko wapi. Tuoane kwanza, utulie, chuo hakikimbii."

"Kwa nini hukuniambia hayo usoni?"

"Ungekataa."

Akakata simu. Karani, kwa aibu, akamfuata hadi mlangoni. "Ukirudi na mzazi kabla ya Ijumaa, na nusu ya ada ya muhula, nakurudishia nafasi yako. Ikipita hapo anapewa mwingine."

Alipofika nyumbani, baba alikuwa karakana, mama amerudi kazini, mikono bado imekunjamana kwa maji. Pilipili akawasimulia yote, wima, bila kuweka begi chini. Mama akagonganisha viganja kwa mshangao. Baba akaendelea kupiga randa ubao wake.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia. Kakosea kusema mimba. Lakini mwanangu, mtu katoa pesa yake, na mkeo mtarajiwa ukimtaka karibu ni dhambi? Mwaka mmoja tu."

"Kumbe uliniuza kwa ada!"

"Chunga mdomo!"

"Atachungaje?" Mama akaingilia. "Baba Pilipili, tangu mtoto yuko darasa la tano tulikuwa tunaweka pesa, kidogo kidogo, kwa ajili ya chuo. Kijana alipokuja kusema 'nitalipa mimi', ukazitoa zote ukanunua mashine ya kupasulia mbao. Nilikwambia nini? Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wewe ukaniambia, 'Bahati ikigonga mlango, usiulize imetoka wapi.'"

Randa ikasimama.

Kabla baba hajajibu, gari likaegeshwa nje. Bosi Saruji akaingia na tabasamu la mtu aliyezoea kupatana bei.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Nimekuja tuyamalize kifamilia."

"Marahaba," baba akajibu kwa sauti ndogo. Mama akampa mgongo.

"Nampenda binti yenu," Bosi akasema. "Nimefanya kwa mapenzi. Wangapi wanapelekwa chuo na wachumba wao, wakimaliza wanaolewa na madaktari? Mimi nisomeshe, mwenzangu avune?"

"Kwa hiyo mimi ni shamba," Pilipili akasema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Tena umenipachika mimba kwa mdomo mbele ya watu nisiowajua. Ningeingia darasani na sifa gani?"

"Basi nitarudi nifute. Lakini tukubaliane: ada ni yangu, na mimi ndiye nitakayeamua itoke lini."

Hapo Pilipili akaliweka begi chini.

"Ada ni yako. Sikatai. Ibebe uende nayo. Lakini tumbo ni langu, jina ni langu, na hii miaka mitatu ni yangu. Yule aliyekuwa ananishikia kitabu nilimpenda mpaka basi. Huyu aliyekwenda kunifuta chuoni simjui, na simtaki."

Akavua pete. Bosi hakuipokea, akamgeukia seremala.

"Mzee, sema neno. Misumari, mbao, vyote unachukua dukani kwangu."

Lilikuwa kosa. Seremala akainua uso, masikio yamemwiva.

"Misumari nanunua, kijana. Sikuwahi kupewa bure. Na binti yangu hayumo kwenye hiyo hesabu. Chukua pete yako. Maduka ya misumari yapo mengi."

Bosi Saruji akaondoka akibamiza mlango wa gari. Pilipili akakaa juu ya mbao, palepale walipozoea kukaa wawili, akalia kwa kwikwi. Mama akamwacha alie.

"Nitaiuza mashine," baba akasema.

"Ukiiuza utapasulia meno?" Mama akamjibu. "Mashine ibaki ifanye kazi. Kazi za Jumamosi zote ziwe za ada. Mimi nitakopa kwenye kikundi chetu hiyo nusu ya kuanzia, na zamu za Jumapili hospitali nitazichukua."

"Na mimi likizo nitafanya kazi," Pilipili akasema huku akifuta makamasi. "Na kama chuo kinapokea ada kwa awamu, nitawauliza."

"Shangazi yake anakaa karibu na chuo," baba akaongeza. "Nitamwomba ampokee mwaka wa pili, tuokoe pesa ya bweni."

"Vizuri," mama akasema. "Na akaunti itafunguliwa kwa jina langu na lake. Wewe, baba, kazi yako kuweka. Kutoa hutatoa."

Baba akataka kukasirika, akashindwa, akacheka kwa aibu.

"Nisamehe, mwanangu. Niliona mzigo umepata mbebaji, nikasahau kuwa mzigo wenyewe ni wewe."

Alhamisi walikwenda wote watatu. Mama alichukua ruhusa kazini, baba akavaa shati la kutokea. Walipotoka ofisini Pilipili alikuwa na kitambulisho shingoni.

Wiki ya pili bwenini, ujumbe ukaingia: "Nimekosa. Rudi, nitalipa miaka yote mitatu, sitakuuliza kitu. Nyumba haina maana bila wewe."

Akausoma mara mbili. Moyo ulimuuma, asingesema uongo. Kisha akaandika: "Nimeshalipiwa na wanaonipenda." Akatuma. Simu ikaanza kulia, akaiacha ilie.

"Nani huyo anayekung'ang'ania hivyo?" mwenzake wa chumba akauliza.

"Alikuwa mchumba wangu."

"Na sasa?"

Pilipili akaigeuza simu kifudifudi, akavuta kitabu.

"Sasa ni mwenye duka."