Askari Aliyekuja Kuipeleleza Nyumba Yake

Ndugu zangu wa Garissa, na nyinyi wa Balambala mnaonisikia, tulieni niwaeleze yaliyompata Jelle. Wenye tabia yake tunao tele humu mwetu, na badala ya kuwakanya tunawachekea.

Asubuhi moja mtaa ulikuwa shwari. Mbuzi walikuwa wameshatoka kwenda malishoni, na majirani walikuwa wanakunywa chai yao ya maziwa. Jelle, askari wa mpakani, alisimama nje ya lango lake la mabati, begi begani. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku chache aje apimiwe kiwanja chake na awajulie hali jamaa. Hakumwarifu mkewe Safiyo. Alimwambia dada yake mwenyewe, Istahil, peke yake, tena kwa onyo: "Abaayo, dada yangu, funga mdomo. Nataka nione nyumba yangu ikoje nisipongojewa."

Hebu niambieni, huyo ni mume anayerudi nyumbani au ni mpelelezi?

Akasukuma lango. Harufu ya uunsi ikamlaki. Mnaujua uunsi wetu, ule udi unaopikwa kwa sukari na manukato, ambao mke huufukiza mumewe akiwepo. Mume akiwa safarini, mke hana haja nao. Jelle akasimama palepale uani, damu ikamchemka.

Safiyo akatoka amevaa gauni jipya la dirac, hina imekolea mikononi, uso umejaa furaha. "Baba Ikran! Alhamdulillahi, umefika salama!"

"Ulikuwa unamfukizia nani?"

"Nani tena? Si wewe!"

"Na nani amekwambia nakuja?"

Safiyo akatazama chini. "Moyo wangu tu ulinituma," akasema. Hata mtoto angejua kwamba anaficha kitu.

Jelle hakuuliza tena. Chai aliyowekewa ikapoa mezani. Akatoka, kiwanja hakukikumbuka, akaenda kwa mama mkwe wake, Lul. Lo, ziara gani ile! Kwa heshima ya ukwe, Lul alikaa nyuma ya pazia, naye Jelle akakaa upande wa pili akikodolea macho mkeka.

"Mwanangu, karibu. Mpakani kukoje?"

"Salama, hooyo, mama yangu. Na nyinyi huku, nani anawaangalia?"

"Ah, Mungu ambariki Korane. Mvua ilipong'oa mabati ya Safiyo, yeye ndiye aliyekuja kuyapigilia. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nikampikia chai."

Maneno "mimi mwenyewe nilikuwepo" Jelle hakuyasikia. Alisikia Korane tu. Korane ni binamu yake Safiyo, na ndiye aliyemposa kabla ya Jelle. Sasa picha nzima ikamjia: mabati, hina, uunsi, Korane! Akaaga bila kumaliza salamu, mama wa watu akabaki anauliza, "Kwani nimesema nini?"

Akarudi kwake mbio. Safiyo alikuwa uani na jirani yao Bishara, wanachambua mchele wa chakula cha kumkaribisha mumewe. Jelle hakutoa hata salamu.

"Safiyo, nimekuacha! Nimekuacha! Nimekuacha! Nenda kwa Korane wako!"

Bishara akaangusha ungo. Safiyo hakulia. Aliinuka, akamshika mtoto wao Ikran mkono, akaenda kwa mamake.

Jelle akajiona mwanamume kwelikweli. Akaenda kwa Istahil kumhadithia, na Istahil akajipiga kichwani kwa viganja vyote viwili.

"Walaal, ndugu yangu, umefanya nini? Mimi ndiye niliyemwambia! Nilimwonea huruma asikutwe hajajiandaa. Nikamwapisha, wallahi, asinitaje, maana najua hasira zako!"

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyejua safari yake, na huyo mmoja Jelle hakumfikiria hata kidogo! Akakimbilia kwa sheikh wa msikiti wao, akilia kama mtoto. Sheikh akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ulitamka tatu, na ulikuwa na akili zako. Huwezi kumrudia, ila aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli, kisha waachane wenyewe au mume huyo afe."

Fikirieni, jamani. Mtu aliyeshindwa kuvumilia harufu ya uunsi ndiye anayeambiwa hivyo!

Akaenda kwa Lul kuomba radhi. Safari hii Safiyo ndiye aliyesema kutoka nyuma ya pazia.

"Jelle, uliniuliza mara moja. Ungeniuliza mara ya pili, ningekivunja kile kiapo nikafunga kukilipia. Wewe hukutaka jibu."

Ruhusa ikaisha, akarudi mpakani. Eda ilipomalizika, Istahil alimpigia simu akamweleza kwa sauti ya chini: wazee wa Korane wamekwenda kwa Lul kumposea Safiyo, na wamekubaliwa.

Funzo

Wanaume wenzetu, kumtega mke si kumlinda. Ukiona jambo usilolielewa nyumbani kwako, kaa chini, uliza, kisha ngoja ujibiwe. Talaka si tusi la kutolea hasira. Na nyinyi dada na mawifi, msiwaapishe wake za watu kuwaficha waume zao, hata kwa nia njema. Korane hakuwahi kumtaka Safiyo tena mpaka Jelle alipomwacha. Wivu wa Jelle ndio uliomfungulia mlango.