Mke wa Kwenye Mchezo

Jioni ile nilikwenda kuuza chapati, basi. Watu wa mchezo walikuwa wamefika kwenye machimbo yetu ya dhahabu, kule nyuma ya Kenyamonta, na penye watu wengi ndipo penye wateja. Jua lilikuwa linazama. Nikajitwika beseni, nikaenda uwanjani kando ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe.

Machimboni waliniita Mama Chapati. Jina langu ni Everlyne, lakini halikuwa na mtu wa kuliita tena. Mume wangu Odoyo alipotea wakati wa masika. Mwenzake wa kazi, Stanslaus, aliniambia alimwona kwa macho yake akivuka mpaka pale Sirari na mwanamke mwingine, wamebeba mabegi. Watu wakaamini. Na mimi nikaamini, ningefanyaje? Niliendelea kukanda unga kwenye kibanda cha turubai. Usiku nililala upande wangu wa kitanda, upande wake nikauacha.

Watu wa mchezo walikuwa wawili tu. Nyangwine, Mkurya wa Tarime, alijifunga mto tumboni chini ya shati. Dada yake Mokami alipiga ngoma. Lakini wachezaji hasa tulikuwa sisi. Nyangwine alimvuta mtu yeyote kutoka kwenye umati, huyu akamfanya polisi, yule akamfanya ng'ombe wa mahari. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Kisha akatufundisha kuitikia.

"Mlevi anarudi nyumbani," alisema kwa ile r yake nzito ya Kikurya. "Mke akilia, ninyi mnasemaje?"

"Ya ndani hayo!"

"Akiomba msaada je?"

"Ya ndani hayo!"

Mokami akaitwanga ngoma.

"Haya. Sasa nataka mke."

Akaja moja kwa moja kwangu. Nilijificha nyuma ya beseni, akanishika mkono, watu wakapiga kelele, "Mama Chapati! Mama Chapati!" Nilicheka kwa aibu. Sikuwa nimeguswa na mtu tangu masika.

Katikati ya uwanja alianza kuyumba kama mlevi. Akapepesuka huku, akapepesuka kule. Kisha akasimama wima.

Akakohoa.

Kikohozi kile nilikijua. Kikavu, cha vumbi la mawe, kinatokea chini kabisa ya kifua... na mwisho wake kuna mluzi mdogo.

"Nyar Suna," alisema taratibu. "Mbona hukuja?"

Binti wa Suna, kwa Kijaluo. Ndiko nilikozaliwa, ng'ambo ya mpaka. Ni Odoyo peke yake aliyeniita hivyo, tena taa ikishazimwa. Nilimtazama usoni. Uso ulikuwa wa Nyangwine. Ile r nzito ilikuwa imetoweka. Pumzi yake ilinuka udongo mbichi na magogo yaliyooza.

"Nani amekuambia jina hilo?" nilinong'ona.

"Huku kuna maji," alisema. "Kuna baridi. Na hakuna mtu wa kuongea naye... Twende nyumbani."

Akanivuta.

Hatukwenda upande wa vibanda. Tulikwenda upande wa maduara ya zamani, yale mashimo yaliyoachwa baada ya mvua kuyaharibu. Umati ukanyanyuka ukatufuata, ukipiga makofi. Wengine waliwasha tochi zao za kichwani. Kwao, mchezo ulikuwa umenoga.

"Niache!" nililia.

"Ya ndani hayo!"

"Jamani, huyu siye Nyangwine! Nisaidieni!"

"Ya ndani hayo!"

Watu niliowalisha kila asubuhi. Walicheka mpaka wakatoa machozi.

Nilimwona Stanslaus kati yao. Yeye hakucheka. Alitazama tunakoelekea, akaanza kurudi nyuma, kinyumenyume, mpaka sikumwona tena.

Tukafika ukingoni mwa duara moja. Magogo ya kuzuia udongo yalikuwa yameangukia ndani. Chini... maji yalidondoka.

Tone.

Tone.

"Shuka," alisema Odoyo. "Nimekuachia nafasi."

Nitasema ukweli. Mkono ule ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa wake. Ulinisugua kidole gumba polepole, kama zamani. Sikupiga kelele tena. Mguu wangu mmoja ulikwishatoka kwenye ardhi ngumu.

Ngoma ikanyamaza.

"Nyangwine!" Mokami alikuwa akija, akisukuma watu. "Kaka, hii haimo! Hii haimo kwenye mchezo wetu!"

Alimkumbatia kiunoni kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu zake zote. Tukaanguka wote watatu kwenye matope.

Hakuna aliyecheka.

Nyangwine akakaa. Akapapasa mto wake tumboni, akatutazama mmoja mmoja.

"Wamecheka?" aliuliza. Sauti ilikuwa yake. "Mbona tuko huku?"

Asubuhi wanaume walishuka na kamba. Walimkuta Odoyo chini ya magogo. Amekaa, ameegemea upande mmoja wa shimo, amejibana.

Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Stanslaus hakuonekana tena, si machimboni wala kwao. Alijua nini, alifanya nini, mpaka leo sijui. Odoyo tulimzika kwao. Mchungaji akaomba, watu wakanishika mikono wakasema sasa atapumzika. Kisha wakarudi kwenye dhahabu yao. Na mimi nikadhani yamekwisha.

Jana Mokami alinifuata hapa Issenye, ninakoishi siku hizi. Alikuja kwa baiskeli, jasho likimtiririka, na hakutaka kukaa. Alisema kaka yake amekonda. Kila akisimama mbele ya watu akasema anataka mke, anakohoa. Akilala anaongea Kijaluo, yeye ambaye hajui hata kusalimia kwa Kijaluo.

"Anasemaje?" niliuliza.

Mokami aliangalia chini.

"Nilimtafuta mtu anitafsirie. Anauliza umechelewa wapi."

Akaishika baiskeli yake.

"Dada," akasema, "nimekuja kukuomba. Tukicheza karibu na huku, usije. Tafadhali. Safari ile nilikuwahi, sijui kama nitakuwahi tena."

Nilimwahidi. Nilimsindikiza mpaka njiani, nikarudi ndani, nikakaa. Nyumba ilikuwa kimya. Hata kikohozi cha jirani hakikusikika.

Kesho jioni wanacheza hapa jirani, Ringwani. Gauni langu nimeshalifua, liko kambani linakauka.