Aliyekaa Ndani ya Kihenge

Kuku ndio walioanza. Mtama uliomwagika chini ya kihenge waliukwepa, wakaenda kuparua jalalani. Damari aliwatazama.

Kihenge kilikuwa nyuma ya nyumba yao, nje kidogo ya Shelui, kimesukwa kwa fito na kukandikwa udongo, mdomo wake ukimtosha mtoto tu. Mtama ukipungua, mtoto hushushwa ndani na ndoo achote. Msimu huu zamu ilimwangukia Ritha, bintiye wa miaka saba, naye alikataa. Alisema kuna mtu humo, anapumua, ananuka nywele zilizoungua.

Festo, mume wa Damari, alicheka hadi majirani wakasikia. Akamwita binti yake kifaranga, akauliza kama huyo mtu amelipa kodi ya pango. Yeye na ndugu zake walishushwa wakiwa wadogo kuliko huyu, alisema, na aliyelia alifunikwa humohumo. Ndivyo alivyolelewa, malezi mengine hakuyajua. Akaapa kwamba Jumamosi akirudi mnadani akute mtama umechotwa, la sivyo atamtumbukiza mwenyewe na kumfunika mpaka uoga umwishe.

Kila alipokejeli, Damari alisikia kicheko ndani ya kihenge, kwa sauti ileile ya Festo, ila kikichelewa kidogo.

Hakumwambia mtoto kwamba hakuna kitu. Alichuchumaa, akamwuliza kinapumua upande gani.

"Kule chini."

"Nimekuamini, mwanangu. Kuogopa si kosa. Leo tutagusa kihenge kwa nje tu. Ukisema basi, tunaondoka."

Wakagusa. Kesho yake wakachungulia. Jumamosi mchana Ritha mwenyewe akaomba kushushwa, mkono mmoja kwenye ndoo na mwingine ndani ya kiganja cha mama yake, na miguu ilipozama kwenye mtama ile harufu ikapanda, ikamjaa Damari kooni, na kutoka chini kukaja pumzi nzito iliyosogea polepole kuzunguka kuta, ikawa karibu, ikawa chini ya kidevu cha mtoto, ikanong'ona kwa dharau:

"Mwoga wewe."

"Ndiyo, naogopa," Ritha alisema. "Mama kanishika."

Pumzi ikakatika. Ndoo ilitoka imejaa.

Festo aliwakuta bado wamekumbatiana. "Mnafundishana uoga?" aliuliza, akawasha tochi ya simu, akaingiza kichwa kihengeni kuwaonyesha upuuzi wao.

Sauti ikamwuliza, kwa upole, "Na wewe, unaogopa?"

Damari aliona mabega ya mumewe yakitikisika. Akamshika mgongo. "Baba Ritha, sema kweli tu. Nimekushika."

"Mimi? Niogope nini?"

Alipotoa kichwa alikuwa akicheka. Akafumba midomo, na kicheko kikaendelea, kikichelewa kidogo, kikipanda kutoka tumboni mwake pamoja na harufu ya nywele zilizoungua, huku simu ikimponyoka na vidole vyake vikipapasa hewani kama vya mtu anayetafuta ukuta gizani, ingawa jua lilikuwa utosini.

Ritha alimsogelea, akamshika mkono. "Baba, ukiogopa sema. Hatutakucheka."

Macho ya Festo yakajaa machozi, yakimsihi mtoto asimwachie mkono. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nani mwoga hapa?" ukasema.