Chale za Mama Yake Qamara

Kila siku akitoka shule, Irene alivua sare, akala makande yaliyobaki, akaosha sahani yake, kisha akaenda dukani kwa mama yake, Monica, pale Mogitu. Lilikuwa duka la picha: za pasipoti, za kipaimara, na zile kuukuu ambazo watu walitaka zifanywe upya kwenye kompyuta. Irene alikuwa darasa la saba, na mkono wake kwenye kipanya ulikuwa mwepesi kuliko wa mama yake. Alilijua hilo, na alipenda watu wengine walijue.

Juma moja walikuwa na kazi ya Qamara, mfugaji wa Kidatoga kutoka kijiji cha Gendabi. Tope lilishuka mlimani wakati wa mvua kubwa, likabomoa nyumba ya mama yake na kumuua humo humo ndani. Qamara alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Alimpata mama yake, na akapata picha yake, ya pekee aliyowahi kupigwa. Monica aliiskani haraka. Alifanya vyema, maana karatasi ilipokauka uso ulibanduka wote.

"Uso wa yule bibi sasa uko humu tu," Monica alisema akiigonga kompyuta. "Ondoa madoa ya tope, doa moja moja. Ukishindwa, niite. Usijifanye fundi."

Madoa yalikuwa mengi. Mengine yalipita juu ya chale za duara zilizozunguka macho ya bibi, zile ambazo wanawake wengi wazee wa Kidatoga wanazo. Irene alichoka upesi. Akabonyeza kitufe cha kulainisha ngozi. Madoa yakatoweka. Chale nazo zikatoweka. Aliliona hilo kabisa. "Si amependeza zaidi?" akajisemea, akaichapa.

Kesho yake jioni Qamara akaja.

"Shikamoo, baba," Irene alisema.

"Marahaba, binti." Aliipokea picha kwa mikono miwili. Akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. "Huyu ni nani?"

"Ni mama yako, baba."

"Mama yangu alikuwa na chale machoni. Ziko wapi?"

Monica akamgeukia binti yake. "Irene, umezifuta?"

"Hapana, mama. Ilikuwa hivyo hivyo. Tope ndilo lililozila."

"Tope lilimla yeye!" Qamara alinguruma. "Sasa hata uso wake?" Akainua fimbo, akaipiga kaunta ya kioo. Kioo kikapasuka, na kipande kikamchana Monica kiganja. Damu ikatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Clement, kijana wa bodaboda aliyekuwa nje, aliona damu tu. "Jamani, anamuua Mama Irene!"

Vijana wakavamia duka. Walimkaba Qamara shingo, wakamburuta hadi barabarani, wakampokonya fimbo na kumpiga nayo.

"Mmezoea kuingiza ng'ombe mashambani, sasa mmehamia madukani!"

"Mwonyesheni!"

Teke likamwingia mbavuni. Paji la uso likapasuka. Qamara hakujikinga, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeikumbatia ile picha kifuani.

"Acheni! Acheni!" Monica alipiga kelele, lakini hakuna aliyemsikia. Kijana mmoja alikuwa ameokota jiwe.

Irene aliliona jiwe lile. Hakuna aliyekuwa akimuuliza chochote. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akakimbia, akajipenyeza katikati yao. Fimbo iliyokuwa ikishuka ikamwangukia begani, naye akaanguka juu ya Qamara.

"Mimi ndiye niliyezifuta!" alilia. "Nimemdanganya! Mimi ndiye niliyeanza!"

Fimbo ikasimama hewani.

"Umesema nini wewe?" Clement aliuliza akihema.

"Nilifuta chale za mama yake. Nikasema ni tope."

Jiwe likaangushwa. Monica akafika, kiganja kimefungwa kwa khanga iliyolowa damu. "Clement, uliuliza nini kabla ya kupiga? Washa pikipiki umpeleke zahanati. Usiondoke pale mpaka ashonwe."

"Sawa, mama." Clement alimwinua Qamara taratibu, macho yake chini.

Qamara alirudi Jumamosi, bandeji kichwani, akitembea kwa kushika ubavu. "Mama Irene, mkono wako nisamehe. Hasira ilinitangulia."

"Mkono utapona. Kaa hapa."

Monica alifungua ile picha ya kwanza iliyoskaniwa. Chale zilikuwepo bado, chini ya madoa. Irene alianza upya, doa moja moja, bega likimuuma kila alipousogeza mkono.

"Hapo umekosea," Qamara alimwambia. "Mstari ule ulikuwa mnene. Rudi kidogo. Ee, hapo hapo."

Walipomaliza, Qamara aliusogelea uso ule. "Shikamoo, mama," alinong'ona.

Alipoondoka na picha yake, Monica alimketisha Irene.

"Kompyuta ilifuta chale, lakini haikumpasua mtu kichwa. Hilo lilifanywa na 'hapana' yako moja. Ungesema ukweli, ningekugombeza, Qamara angefoka, yangeishia hapo. Kosa likisemwa, linarekebishwa. Likifichwa, anapigwa mwingine. Na uso wa mtu, Irene, si wako wa kuupendezesha. Unaurudisha kama ulivyokuwa."