Msiba Usio na Marehemu

Kila Jumamosi Agnesi huamka mapema kumsaidia mama yake kubeba masufuria kutoka chumbani kwao Mchafukoge hadi Kariakoo, kwenye kichochoro kilicho pembeni ya duka la vitambaa la Baba Nirali. Hapo ndipo mama anapopikia. Maharage hutangulia jikoni, kisha wali, na ugali husongwa wateja wanapoanza kukaribia. Wateja wenyewe ni wasukuma mikokoteni, watu wenye njaa ya kweli wasiopenda kusubiri.

Jumamosi hiyo mama alikuwa na haraka ya kwenda Feri kununua samaki. Moyo wake haukutulia. Baba yake, Mzee Severine wa Kibosho, alikuwa ametoka hospitali juzi tu baada ya kutibiwa shinikizo la damu, na tangu alipolazwa, mama alikuwa akishtuka kila simu ilipolia. Simu yenyewe ilikuwa imeisha chaji, kwa hiyo aliiacha dukani kwa Baba Nirali.

"Koroga maharage yasishike chini," alimwambia Agnesi. "Na akija mtu wa kizibao mwenye maswali, mwambie mwenye biashara hayupo. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kichochoro kizima kilikuwa kinajibu hivyo. Zilikuwapo tetesi kwamba kuna watu wanapita wakiuliza nani anauza nini, na kila mtu aliamini kwamba ukijibu leo, kesho unaondolewa. Hakuna aliyewauliza wenyewe wanataka nini.

Mama hakukawia kuondoka, na mara akatokea dada mmoja aliyevaa kizibao cha buluu, kishikwambi mkononi. Mama Angelina, mpika chapati wa jirani, alimwona kwanza. Alifunika kikaango chake, akapata safari ya ghafla. Agnesi akabaki peke yake na sufuria kubwa ya maharage, ambayo huwezi kuificha popote.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba, mdogo wangu. Naitwa Caroline. Tunafanya utafiti wa biashara ndogondogo. Nani anauza chakula hapa?"

Agnesi alilikumbuka jibu aliloachiwa, lakini akaliona halitoshi. Mwenye biashara hayupo, sawa, lakini biashara si hii hapa inatokota? Akaona auboreshe ule uongo kidogo.

"Hatuuzi, dada. Tuna msiba."

Caroline alishusha kishikwambi mara moja. "Jamani, poleni sana. Nani ametutoka?"

"Babu," Agnesi alijibu, na hapohapo akatamani kulimeza neno lake.

Caroline hakuuliza tena. Msibani hapaulizwi maswali ya biashara. Alimshika Agnesi bega, akamwombea marehemu, akaondoka. Alipopita mlangoni kwa Baba Nirali akampa pole kwa kifo cha babu wa yule mtoto wa jirani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Baba Nirali alizima redio na kufunga mlango mmoja wa duka kwa heshima. Akatoa mabenchi na mkeka. Mama Angelina alirudi mbio kutoka alikojificha, akajifunga khanga kiunoni na kuanza kumenya vitunguu bila kuombwa. Wanawake wengine wakaja, wakakaa mkekani. Wasukuma mikokoteni walipofika na kuuliza bei ya wali, Mama Angelina aliwakaripia.

"Leo hakuna kuuza, hamwoni msiba? Kaeni mle."

Basi wakakaa wakala. Walikula kwa huzuni, lakini walikula sana.

Agnesi aliyatazama maharage ya mama yake yakipungua. Alitaka kusema. Lakini kila alipofungua kinywa, mtu alimkumbatia na kumwambia, "Lia tu, mwanangu, usijizuie." Aliona haya, na kadiri watu walivyoongezeka ndivyo haya ilivyozidi.

Mwishowe mama akatokea na ndoo yake ya samaki. Aliona mkeka. Aliona wanawake wamekaa kimya, na duka limefungwa nusu. Kabla hajauliza, Mama Angelina alimwendea mikono wazi.

"Pole, shoga yangu. Mzee ametuacha."

Ndoo ilianguka, samaki wakamwagika vumbini. "Baba!" mama alilia. "Baba yangu jamani! Juzi tu ametoka hospitali!" Wanawake wakamdaka.

Agnesi hakuweza kuvumilia tena. Alijipenyeza katikati yao, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, babu hajafa! Nimesema uongo. Nilimdanganya yule dada wa kizibao ili asituandike!"

"Mtoto amechanganyikiwa," alisema Mama Angelina kwa huruma. "Mpeni maji."

"Sijachanganyikiwa! Nimedanganya!"

Agnesi alilia kwa uchungu. Alipodanganya, watu walimwamini upesi. Sasa alikuwa akisema kweli, na wote walikuwa wakimtikisia kichwa. Baba Nirali peke yake ndiye aliyemtazama vizuri usoni, kisha akaingia dukani na kutoka na simu ya mama.

"Mama Agnesi, tupige Kibosho. Tusikie wenyewe."

Akapiga na kuweka sauti kubwa. Simu ikaita mpaka ikakatika. Mama akafumba macho. Baba Nirali akapiga tena. Ikaita, ikaita, halafu sauti nzito ikasema kwa kuudhika, "Haloo! Nani huyo? Nipo zizini, ng'ombe wana njaa!"

"Baba!" mama alipiga kelele. "Baba, u mzima?"

"Mzima, hata uji nimemaliza. Unalia nini, Candida?"

Mama alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Mama Angelina ndiye aliyeikaribia simu. "Mzee, huku tumeshakaa msiba wako!"

"Hicho chakula cha msiba kilikuwa kitamu?" babu aliuliza, na kichochoro kizima kikaangua kicheko. Wasukuma mikokoteni, wakiona haya, wakaanza kujipapasa mifukoni ili walipie walichokula. Wanawake wakaokota samaki na kuwaosha.

Caroline alirudi jioni na rambirambi yake mkononi. Alishangaa kukuta wafiwa wanacheka. Agnesi alimfuata mwenyewe bila kusukumwa na mtu.

"Dada, naomba unisamehe. Nilikudanganya. Babu ni mzima, na mama anauza chakula hapa. Niliogopa mtatuondoa."

"Kumbe ndiyo maana kila ninapopita wenye biashara hawapo!" Caroline alisema. "Mdogo wangu, mimi simwondoi mtu. Tunataka kujua watu wangapi wanafanya kazi hapa, ili wanaopanga mabomba ya maji na vyoo wajue wawapangie wangapi. Kwenye maelezo yangu, kichochoro hiki hadi sasa hakina mtu hata mmoja."

Watu walitazamana. Mama alifuta mikono, akavuta benchi na kukaa.

"Basi niulize mimi," alisema. "Ni mama lishe. Napika hapa kila siku, na kwa kazi hii namsomesha mtoto huyu."

"Ukimaliza hapo njoo kwangu," Mama Angelina alidakia. "Mimi leo nipo, na sina msiba."

Walipokuwa wakiosha masufuria, Agnesi alisubiri kuchapwa. Mama akasema:

"Umenitisha leo, mwanangu. Lakini uongo wako ulianzia kwangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema sipo, wewe ukaongeza chumvi. Tangu sasa, mtu tunayemwogopa tutamuuliza kwanza anataka nini. Hatutamdanganya. Na wewe ukiteleza, sema mapema, kabla watu hawajatandika mkeka."

"Sitarudia, mama."

"Vizuri. Sasa chukua simu, mpigie babu yako umwombe radhi kwa kumuua."

Agnesi alibonyeza namba. Safari hii babu alipokea upesi.