Alama Mbili Mwanzoni mwa Wimbo

Mchora mabango alikuwa na ugonjwa mmoja: usafi. Akiona doa kwenye bango, hali wala halali. Herufi zake zilisimama wima. Kila jioni alisafisha brashi zake kwa mafuta ya taa kabla hajagusa chakula. Mtaani walimwita Mzee Nyoosha.

Mkewe alifariki binti yao akiwa na miezi minne. Aliacha karatasi moja. Ulikuwa wimbo wa kumbembeleza mtoto, aliutunga mwenyewe na kuuandika kwa noti. Mzee aliujua wimbo huo kwa masikio tu. Kuuimba hakuweza. Akiimba yeye, hata kuku walihama uani.

Sasa binti naye alikuwa na mtoto mchanga, na karatasi ilikuwa inafifia. Mzee akaunakili wimbo kwenye ubao mpana kwa rangi nyeusi. Binti alikuwa akijifundisha kinanda kwa nyimbo nyepesi. Akaketi, akaupiga.

Mzee alisikiliza, uso ukamsawajika.

"Siyo huu," alisema.

"Baba, nimefuata noti zote."

"Huu ni wa msiba, mwanangu. Mama yako akiimba, nyumba nzima ilichangamka. Mwendo ni wake, lakini sura siyo."

Binti akarudia mara tatu. Kilio kilekile. Akafunika kinanda.

"Basi, Baba. Labda umesahau."

Neno hilo lilimchoma. Kweli, alikuwa amesahau mengi. Hata sauti ya mkewe ya kuongea ilikuwa imemtoka. Kama na wimbo umepotea, binti yake atampata wapi mama?

Asubuhi alikwenda kumwita jirani yao, Bibi Tarumbeta. Mama huyu alipiga tarumbeta kwenye bendi kwa miaka thelathini, na marehemu alikuwa kama mdogo wake. Akaja, akambeba mtoto mgongoni, akavaa miwani, akautazama ubao.

"Kazi safi," alisema. "Safi kupita kiasi. Karatasi yenyewe iko wapi?"

Akaletewa. Akaisogeza dirishani kwenye mwanga, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji! Hivi vialama viwili umevipeleka wapi?"

Mwanzoni mwa kila safu ya mistari mitano palikuwa na alama mbili ndogo, vijiti vilivyokatana.

"Hivyo?" Mzee alijibu. "Nilidhani alikuwa anajaribu kalamu. Nikaona nimsafishie."

"Kalamu gani hiyo inayojaribiwa palepale kila safu?"

Binti akacheka. Mzee akajikuna kisogo.

"Kila alama hapa inaitwa shapu," Bibi Tarumbeta alieleza. "Tazama ya kwanza. Imekaa kwenye mstari wa juu kabisa, mstari wa noti iitwayo F. Maana yake, kila F ipandishe nusu hatua. Acha kitufe cheupe, bonyeza cheusi kilicho kulia kwake. Ya pili iko kwenye nafasi ya C. Kila C nayo ipandishe."

"Hizi F na C za mwanzoni tu?" binti aliuliza.

"Zote, za juu na za chini, mpaka wimbo uishe. Labda njiani ikutane na alama nyingine ya kuitengua."

"Kwa nini asiandike shapu kwenye kila noti?"

"Karatasi ingejaa vijiti! Amri moja mlangoni inatosha nyumba nzima. Tena alama hizi hukuonyesha wimbo unakaa wapi. Chukua shapu ya mwisho, panda nusu hatua. Mara nyingi hapo ndipo nyumbani."

Binti akagusa C ya kitufe cheusi, akapanda nusu hatua. "D," alisema. Akatazama mwisho wa wimbo. Noti ya mwisho ilikuwa D. "Kumbe!"

Mzee tayari alikuwa ameshika brashi. Akachora alama mbili mwanzoni mwa kila safu, zimepinda vilevile kama za mkewe. Hakunyoosha kitu.

Binti akapiga tena. Kidole kilipopanda kwenye kitufe cheusi cha kwanza, Mzee alisisimka mwili mzima. Noti za ubaoni ni zilezile, lakini kilio kimeondoka. Alistaajabu. Mtu ameondoka duniani miaka ishirini na mitano, na bado alama zake mbili zinaongoza vidole vya mwanawe! Aliogopa hata kuhema.

"Ni huu?" binti aliuliza bila kuacha kupiga.

"Ni huu. Wallahi ni huu." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Ghafla akainua mkono. "Hapo! Akifika hapo alikuwa ananyamaza kidogo, anakunusa utosini, halafu anaendelea."

Vidole vya binti vikasimama. Hakuwahi kuambiwa hilo. Mzee mwenyewe hakujua kwamba bado analikumbuka.

Binti akamchukua mtoto mgongoni kwa Bibi Tarumbeta, akampakata. Akaanza wimbo upya kwa mkono mmoja. Alipofika mahali pale akanyamaza, akainama, akamnusa mwanawe utosini.